Binti wa Konda na Karoti za Lushoto

Paukwa! Nasikia pakawa mbili tatu tu, wengine mmeshalala. Haya tena: paukwa! Sasa tuko pamoja.

Palikuwa na konda wa basi la kutoka Lushoto kwenda Tanga, na konda huyo alikuwa na binti wa darasa la tano. Nyumba yao ilikuwa Korogwe. Kila basi lilipokuwa likishuka milima ya Usambara, likipita Soni na kona zake hadi Mombo, wauzaji walilikimbilia wakiinua mafungu ya karoti hadi madirishani. Konda alinunua fungu moja, akalisukuma chini ya kiti cha dereva, na jioni akalifikisha nyumbani likiwa bado na majani yake, limefungwa kwa kamba ya mgomba, udongo mwekundu wa mlimani umeganda kwenye kila mkunjo.

Binti hakuwa na habari ya kumenya. Alizisugua kwa maji ya ndoo, akakata vichwa kwa kisu, akaanza kuzitafuna kutokea nchani. Kacha, kacha, kacha. Alitafuna akifanya hesabu, alitafuna akichota maji, na mfuko wa sketi yake ya shule ulikuwa umevimba upande mmoja kwa sababu ya karoti. Wakati wa mapumziko wenzake walinunua ubuyu, kashata na maembe mabichi ya chumvi na pilipili. Yeye hakugeuza hata shingo.

Mtaani watu hawakosi la kusema. Shangazi yake alisema mwili wa mtoto unadai vitamini ya macho, na kama hamuamini, ngojeni mwaka mmoja mtamwona amevaa miwani. Jirani akasema ni minyoo, maana kwa jirani huyo kila kitu ni minyoo. Bibi yake ndiye aliyemtetea: "Mwacheni mke mwenzangu. Watoto wa wenzenu wanalilia chipsi, huyu analilia karoti, nanyi mnashtaki?"

Mimi namuunga mkono bibi. Lakini neno la shangazi tusilitupe, kwa sababu watu wengi wanaliamini: kwamba mtu akishikwa na hamu ya kitu kimoja mchana na usiku, basi mwili wake umepungukiwa na kitu kilicho ndani ya chakula hicho, na unakidai. Je, mwili unajua hivyo? Ili kujibu, nitawatoa Korogwe kidogo niwavushe bahari.

Huko Marekani aliishi mtoto wa kiume aliyependa chumvi. Msiseme na nyinyi mnaipenda. Hamjaipenda kama yeye. Akiwa na umri wa kama mwaka mmoja alikuwa akipewa biskuti za chumvi, analamba chumvi yake tu. Baadaye akagundua kichupa cha chumvi, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na amani ndani ya nyumba: alionyesha kidole kabatini na kulia mpaka apewe, kisha alikula chumvi tupu kwa kidole kama mwingine anavyolamba sukari. Neno "chumvi" lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza aliyojifunza kutamka. Wazazi walichoka, wakamwacha.

Alipofika miaka mitatu na nusu alipelekwa hospitali kwa sababu nyingine: mwili wake ulikuwa unabalehe kabla ya wakati. Hospitalini akapewa chakula cha kawaida kama wagonjwa wengine, na hakuna aliyejua habari za chumvi yake. Baada ya siku chache akafariki.

Madaktari walipochunguza waliona kwamba tezi zake mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zilikuwa zimeharibika. Tezi hizo hutoa homoni inayozuia chumvi isimwagike ovyo kwenye mkojo. Za mtoto huyu hazikuweza. Kila alipokojoa, chumvi ya mwili ilitoka naye, na kwa miaka yote ile alikuwa akiirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto ambaye hajui kusoma wala kuhesabu alikuwa amejitibu. Lawson Wilkins na Curt Richter waliiandika habari hii mwaka 1940, na Richter hakushangaa sana, kwa sababu miaka michache kabla yake alikuwa ameona jambo lilelile kwa panya: aliwatoa tezi hizo, akawawekea maji ya chumvi pembeni, nao wakanywa maji ya chumvi mengi kuliko walivyowahi kunywa, wakaishi. Wasiopewa walikufa.

Kwa hiyo shangazi ana ushahidi. Mwili unaweza kudai.

Sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo watu wengi huteleza. Chumvi ina ladha yake. Ulimi umeumbwa uitambue chumvi, na mwili ukiikosa unaweza kuupa ulimi amri ya kuitafuta. Vitamini A haina jambo kama hilo. Huwezi kuionja. Kinachokupendeza ukitafuna karoti ni sukari yake, maji yake, harufu yake na mlio wake. Rangi ile ya machungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ukiihitaji, lakini ulimi hauna habari nayo.

Halafu fikirini. Kama mwili wa binti wa konda ungekuwa unadai vitamini A, kwa nini udai karoti tu? Vitamini hiyo inapatikana kwenye mchicha, matembele, kisamvu, papai, embe bivu, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, mawese na maini. Sijawahi kumwona mtoto akiamka usiku wa manane kulilia matembele. Kama mmemwona, nileteeni.

Na ile imani kwamba karoti humfanya mtu aone gizani nayo ina kisa chake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, rubani mmoja wa Uingereza, John Cunningham, alikuwa hodari wa kuangusha ndege za Wajerumani usiku. Magazeti yalimwita Macho ya Paka. Watu waliambiwa anaona hivyo kwa sababu anakula karoti. Ukweli ni kwamba ndege yake ilikuwa na rada, na rada hiyo ilikuwa siri. Serikali nayo ilikuwa na karoti nyingi za kuwalisha watu wake wakati sukari na nyama zilikuwa za mgao, hivyo uvumi ule haukuidhuru. Aliyepungukiwa na vitamini A kweli hushindwa kuona gizani, na akiipata huona tena. Aliye nayo ya kutosha hata akila gunia zima haongezewi macho.

Basi hamu ya binti ilitoka wapi?

Pengine ilianza kabla hajazaliwa. Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia walichapisha habari ya akina mama wajawazito waliokunywa maji ya karoti siku kadhaa kila wiki, karibu na kujifungua. Watoto wao walipofika umri wa kulishwa uji, walipewa uji wenye ladha ya karoti, nao walikunja nyuso kidogo kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ladha ya chakula cha mama hupita ikaingia kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, na mtoto huyameza maji hayo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliangalia kwa picha za ultrasaundi nyuso za watoto walio tumboni baada ya mama zao kumeza vidonge vya unga wa karoti, au vya unga wa mboga ya jamii ya sukuma wiki. Wa karoti midomo ilielekea kutanuka kama wanaocheka. Wa mboga walielekea kukunja uso kama mtu aliyelambishwa shubiri. Nawasihi msimwonyeshe mama yenu sentensi hiyo wakati wa kula sukuma.

Na mama wa binti, alipokuwa na mimba yake, alikaa kwao Lushoto. Nadhani mmeelewa.

Kisha kuna mlio. Mwaka 2004 Charles Spence na Massimiliano Zampini wa Oxford waliwavisha watu vipokea sauti masikioni na kuwapa krispi za viazi watafune. Kila sauti ya kutafuna ilipokuzwa, watu walisema krispi ni mpya na kavu zaidi, ilhali zilikuwa zilezile. Maana yake sikio nalo linakula. Binti wa konda hakupenda karoti zilizopikwa kwenye mchuzi. Alizitenga pembeni mwa sahani. Alitaka kacha kacha.

Na la mwisho ni saa. Basi lilifika saa kumi na mbili jioni, baba akashuka na fungu. Kwa binti, karoti zilikuja na baba. Mwili hukariri mambo hayo. Ukizoea kupata kitu kizuri saa fulani, saa hiyo ikifika unakidai hata kama hujasikia njaa. Kwa hiyo hamu yake ilikuwa ya tumbo la mama, ya sikio na ya baba kurudi salama. Hakuna ugonjwa hapo.

Kuna mtu ataniuliza: mbona anakula kile kile tu kila siku, haichoshi? Mwulizeni Clara Davis. Alikuwa daktari wa watoto huko Marekani, na kuanzia mwaka 1926, kwanza Cleveland kisha Chicago, alifanya jambo ambalo leo mama yeyote angelikataa. Alichukua watoto wachanga 15, wa miezi 6 hadi 11, ambao hawajawahi kuonja kitu zaidi ya maziwa, akawaacha wajichagulie chakula kwa miezi na miaka. Vyakula vilikuwa 34: maziwa, mayai, nyama, maini, samaki, nafaka, matunda, mboga, pamoja na chumvi kwenye kibakuli chake. Kila kimoja kilikaa peke yake, hakikuchanganywa na kingine. Muuguzi alikaa na kijiko mkononi, kimya. Hakuruhusiwa kushawishi, kusifu wala kukemea. Mtoto akionyesha kidole, au akichovya mkono, analishwa.

Watoto hao walikula vioja. Mmoja alipata kifungua kinywa cha maini na maji ya machungwa karibu nusu lita. Walikuwa na vipindi vyao pia: wiki hizi mtoto anafakamia mayai, wiki zile anafakamia nafaka, kisha kipindi kinapita chenyewe na hakuna aliyemsukuma. Mtoto mmoja alikuwa na matege. Wakamwekea mafuta ya ini la samaki kwenye glasi, akayanywa kadiri alivyotaka mpaka mifupa ikapona, kisha akayaacha. Shangazi akisikia hili atashangilia. Lakini Davis mwenyewe alitahadharisha: siri ilikuwa kwenye orodha. Mezani hapakuwa na sukari wala vitu vya makopo. Chagua utakavyo, huwezi kukosea sana. Angewaweka watoto wale mbele ya duka la mtaani kwetu, na soda zake na biskuti zake, hadithi ingekuwa nyingine.

Turudi Korogwe. Ilikuwa mkesha wa Idi. Bibi alikuwa amekoroga hina kwenye bakuli, akamwita mjukuu wake amchore. Akaufungua mkono, akausogeza kwenye taa. Kiganja kilikuwa cha manjano.

"Umeshika binzari?"

"Hapana, bibi."

"Kanawe kwa sabuni."

Akanawa, akarudi. Manjano yako palepale. Bibi akamwinua miguu, nyayo zilikuwa vilevile, na pembeni mwa pua kulikuwa na kivuli cha rangi hiyohiyo. Hina iliachwa ikauke kwenye bakuli. Watu wazima wanaujua ugonjwa wa manjano, ule wa ini, na wanauogopa kwa haki. Hawakungoja Idi iishe. Asubuhi bibi alijifunga kanga mbili akaongoza njia hadi kituo cha afya.

"Shikamoo, bibi," akasema daktari, kijana wa juzi tu.

"Marahaba, mwanangu. Nakuletea mwenzangu, amegeuka manjano."

Daktari hakuanza na mikono. Alivuta chini kope za binti, akatazama weupe wa macho kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mweupe kama maziwa. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, na jambo hili mlikumbuke: ini likiugua, weupe wa macho nao hugeuka manjano. Rangi ya karoti haifiki huko. Inakaa kwenye ngozi, hasa palipo na ngozi nene, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi huonekana zaidi viganjani na nyayoni. Akauliza kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, kama kuna homa, kama tumbo linauma. Hapana, hapana, hapana. Akapima damu hata hivyo, kwa kuwa daktari mzuri haamini macho yake peke yake. Damu ilikuwa safi.

"Unapenda kula nini, mdogo wangu?"

Binti akatia mkono mfukoni mwa gauni la Idi, akatoa karoti.

Hata bibi alicheka. Daktari akaeleza kwamba mtu akila karoti kama 10 kwa siku, wiki baada ya wiki, beta-karotini humzidi mwilini, ikatuama kwenye ngozi na mafuta. Haina sumu, maana mwili una akili: ukishatosheka na vitamini A, hupunguza kasi ya kuigeuza. (Msichanganye na vidonge vya vitamini A. Hivyo ukivizidisha vinadhuru kweli.) Dawa ni kupunguza karoti na kungoja, rangi huondoka polepole kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi.

Kisha akauliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote: "Ukishakula karoti, ugali unakula?"

Binti alisema anakula, tena na dagaa, tena anaongeza. Daktari akatabasamu. Wako wasichana, na wavulana pia, wanaotafuna karoti au matango siku nzima ili wasile chakula, kwa kuogopa kunenepa. Kwa nje inaonekana ni afya, na watu huwasifu. Ukijikuta unafanya hivyo, unahesabu kila tonge na unaogopa sahani, basi hiyo si hamu ya karoti. Mwambie mama, shangazi au mwalimu unayemwamini, leo, kabla haijakuzidi nguvu.

Kwa binti wa konda amri ilikuwa nyepesi: karoti mbili kwa siku, zisindikizwe na karanga kiganja kimoja, kwa sababu beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta na bila mafuta nyingi hupita tu. Siku nyingine papai, siku nyingine tango, siku nyingine muhogo wa kuchemsha. Hakunyimwa karoti. Kumnyima mtoto kitu kizuri anachokipenda ni njia ya hakika ya kumfanya akiote usiku.

Hamu za kujali ni nyingine. Mtu anayetafuna vipande vya barafu mchana kutwa, na huku anachoka akipanda ngazi, mara nyingi amepungukiwa na madini ya chuma. Akipewa dawa ya chuma hamu ile hukatika, wakati mwingine kabla hata damu haijajaa. Anayekula udongo, ule tunaouita pemba na Kenya wanauita odowa, naye mara nyingi ana damu ndogo, na udongo wenyewe unaweza kumzuia asipate chuma kilicho kwenye chakula na kumwingizia minyoo. (Jirani yule wa minyoo hapa angepata alama.) Na mtoto mwenye kiu isiyokatika, anayeamka usiku kunywa maji na kukojoa mara kwa mara, huku anakonda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akapimwe sukari. Hiyo haingoji kesho.

Mkimwona rafiki yenu wa namna hiyo, msimcheke na msimwite majina. Mwambieni mtu mzima ampeleke akapimwe damu. Ni tone moja la kidole, na majibu hutoka mkiwa bado mmekaa kwenye benchi.